Pipi za Pasaka na Meno ya Watoto

Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, na huku kwetu kaskazini mwa Tanzania ndio wakati wa masika. Mvua hutuweka ndani, pilau liko jikoni, wajomba na mashangazi wanaingia, kila mmoja na mfuko wake wa pipi. Mtoto hula moja kabla ya Misa, nyingine akingojea chakula, hivyo hivyo hadi usiku.

Hapo ndipo penye kosa. Vijidudu vya kinywani hugeuza sukari kuwa asidi, nayo hushambulia jino kwa kama nusu saa kila mtoto anapolamba utamu. Pipi sita za kutwa nzima humdhuru kuliko sita za mara moja, baada ya chakula. Sisemi tuwanyime, baada ya Kwaresima nani atathubutu? Lakini soda nayo ihesabiwe: chupa ya mililita 350 huwa na sukari kama vijiko tisa vya chai. Na mtoto asilale bila kupiga mswaki.

Wapo wasemao meno ya utoto yatang'oka tu. Hao hawajakesha na mtoto wa miaka minne anayelia jino, huku njia ya zahanati imejaa maji.