SIMU YA UPEPO KWA WENZETU WA LODWAR



Sisi wa reli tumezoea stesheni kuitana na stesheni. Lakini njia yetu yaishia Kitale. Wenzetu wa malori waendao Lodwar na Kakuma, mto Tarach ukifurika, utingo akiugua na mlingoti wa simu umenyamaza, wamwite nani?

Redio ya ridhaa yatosha: betri ya volti 12 na waya wa mita 20 juu ya miti miwili (miti ipo, ya miiba). Katika megahezi 7 mawimbi hupanda angani yakarudi chini, milima isiyazuie. Leseni hutoa Mamlaka ya Mawasiliano. Kuitumia kwa biashara ni marufuku, basi mwajiri asiitegemee. Yake anunue mwenyewe.

Twataka chama kiwalipie wanachama wawili mafunzo na leseni kabla ya mvua za Aprili.