Sehemu ya 4: Kazi imeisha, mimba haisubiri

Mama mwenye mimba ya miezi minane, umeachishwa kazi, bima ya kazini nayo imekatika. Watakwambia, "Jifungue kwanza, bima utakata baadaye." Nakataa! Uchungu haungoji mavuno.

CHF iliyoboreshwa tuliizoea kwa sh. 30,000, kaya ya watu 6. Ilikuwa nafuu, ndiyo, ila bei siyo swali la kwanza. Uliza: inaanza kutumika lini? Nikihitaji upasuaji usiku, inapokelewa wapi? Haydom ni hospitali ya kanisa. Usidhani kadi inayopita zahanati ya kijijini itapita kila dirisha. Nendeni mkaulize leo, baba naye asikie.

Na kama umefukuzwa kwa sababu ya mimba, hilo ni kosa kisheria. Nenda CMA ndani ya siku 30. Usikae kimya, mama.