Nguo Ikae Mwilini, Tepu Iseme Kweli

Mkoa wa Kagera una kumbukumbu isiyopatikana kwingi: maradhi yaliwahi kupewa jina la nguo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla neno UKIMWI halijazoeleka masikioni, watu wa mkoa huo waliona wenzao wakikonda na kufa, na ugonjwa huo wakauita Juliana. Hilo lilikuwa jina la nguo iliyopendwa sana wakati ule, ikivushwa mpakani na wafanyabiashara waliokwenda na kurudi Uganda. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa kutoka mkoa huo huo. Ng'ambo ya mpaka, katika eneo la Rakai, ugonjwa uliitwa Slim, yaani wembamba, na jina hilo likaingia katika majarida ya tiba mwaka 1985. Tangu hapo nguo na umbo la mwili viligeuzwa kuwa vipimo vya maabara. Nguo ilipompwaya mtu, majirani walikuwa wamekwisha kutoa majibu.

Miaka arobaini imepita, na dawa za kufubaza virusi zimekuwa zikitolewa bure nchini tangu mwaka 2004. Hata hivyo, jicho lililozoea kupima watu kwa nguo zao halijastaafu. Mtu aliyekonda huvaa sweta mbili juani ili aonekane amejaa. Aliyenenepa husifiwa kuwa na afya, hata kama shinikizo la damu linampanda. Aliyepona hurudi sokoni akiwa ndani ya shati la zamani linalomning'inia, na watu wakanong'ona. Kwa sababu hiyo, kuchagua nguo inayolipendeza umbo la mwili si jambo la anasa ambalo wahudumu wa afya wanaweza kuwaachia mafundi na vijana peke yao. Ni sehemu ya kumrudishia mgonjwa heshima yake, na heshima ni mojawapo ya mambo yanayomfanya arudi kliniki.

Katika kata ya Bisibo, wilayani Biharamulo, kama ilivyo katika vijiji vingi vya magharibi mwa Kagera hadi Ngara, nguo humfikia mtu kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni mtumba, uliokatwa kwa kufuata mwili wa mtu asiyejulikana, katika nchi ya mbali. Ya pili ni kitenge kinachopelekwa kwa fundi cherehani. Fundi huanza na mwili ulio mbele yake. Huzungusha tepu kifuani, kiunoni na nyongani, huandika tarakimu zake, kisha huuliza, "Ya kubana au ya kuachia?" Hamwulizi mteja kwa nini amekonda, wala hamwambii kwamba mwaka jana alikuwa mnene. Huupokea mwili jinsi ulivyo siku hiyo na kuukatia kitambaa kinachoutosha. Hapo wahudumu wa afya wana jambo la kujifunza.

Kanuni za fundi mzuri ni chache na hazihitaji fedha nyingi. Mwanamke mwenye nyonga pana kuliko mabega, umbo ambalo wengi hulifananisha na peasi, hupendezwa na sketi inayokaa sawasawa kiunoni na kupanuka kuelekea chini. Nakshi, marinda au mikono yenye ujazo hubaki juu, na rangi iliyokolea hukaa chini. Mwenye tumbo lililojaa na miguu myembamba, anayefananishwa na tufaha, hufaa kuvaa gauni lililokatwa chini ya matiti na kuachiwa litiririke, lenye shingo iliyochongoka. Mkanda mpana katikati ya tumbo humgawanya vibaya na kumkosesha raha anapokaa. Mwenye umbo namba nane anahitaji tu nguo ifuate kiuno chake, kwa kuwa gauni lililonyooka kama gunia huficha kiuno na kuacha upana peke yake. Mwenye mabega mapana hupata uwiano kwa shingo iliyo wazi juu na marinda chini.

Mtu mwembamba ndiye hukosea mara nyingi zaidi, na kosa lake linaeleweka. Kwa hofu ya kuitwa kimbaumbau, huchagua nguo pana kupita kiasi, akidhani upana wa kitambaa utakuwa upana wa mwili. Matokeo huwa kinyume, kwa maana kitambaa kinachoning'inia hutangaza mifupa iliyo chini yake. Kinachomfaa ni nguo inayomkaa, ya kitambaa chenye uzito kidogo, yenye mifuko, marinda kiunoni au mkanda mwembamba. Kwa mwanamume, mshono wa bega la shati uishie pale bega linapoishia. Koti linaloshuka hadi nusu ya mkono humfanya aonekane ameazima, na wahenga walikwisha kusema kwamba nguo ya kuazima haisitiri.

Ipo pia miili iliyobadilishwa na tiba yenyewe. Stavudini, mojawapo ya dawa za awali za kufubaza virusi, iliwafanya baadhi ya watumiaji kupoteza mafuta ya mashavuni, mikononi, miguuni na makalioni. Wengine walivimba tumbo wakati huo huo. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2009 dawa hiyo iondolewe hatua kwa hatua. Dawa za sasa zenye dolutegraviri hazina tabia hiyo, lakini utafiti uliofanyika Johannesburg na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba baadhi ya watumiaji, hasa wanawake, huongezeka uzito. Mgonjwa asiyeelezwa haya mapema huweza kuuona mwili wake kama msaliti na kushawishika kuacha dawa kimyakimya. Akielezwa, atajua kwamba anaweza kuzungumza na mhudumu kuhusu chakula na mazoezi, na kwamba fundi anaweza kuongeza sentimita mbili tatu pembeni mwa gauni.

Hali ni hiyo hiyo kwa mwanamke aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani. Blauzi yenye marinda au mtandio unaoangukia kifuani humrudishia uwiano, na mfuko mdogo ulioshonwa ndani ya sidiria huweza kubeba pamba laini au kitambaa kilichokunjwa. Ikiwa mkono wa upande uliofanyiwa upasuaji umevimba, sleevu pana isiyo na lastiki ni sehemu ya matunzo, kwa kuwa kitu kinachobana mkono huo huweza kuzidisha uvimbe. Mambo haya huchukua dakika tatu kuelezwa, lakini mgonjwa asipoyasikia wodini huenda asiyasikie popote.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba zahanati ya kijijini ina foleni ndefu na wahudumu wachache, na kwamba mtu anayetafuta dawa ya malaria hana haja ya mashauri ya marinda. Pingamizi hilo lina uzito, na hakuna anayependekeza kila mgonjwa apewe somo la ushonaji. Linalopendekezwa ni dogo zaidi. Kwanza, mhudumu aache kuutaja mwili wa mgonjwa mbele za watu. Kauli kama "Mama, umekwisha!" au "Umekuwa bonge siku hizi!" hutolewa kwa nia njema, lakini katika mkoa wenye historia ya Juliana hazipiti hivi hivi. Pili, kwa wale ambao mwili wao umebadilika kwa ugonjwa au tiba, swali moja liongezwe mwishoni mwa mazungumzo: je, nguo zako bado zinakukaa? Swali hilo hufungua mlango ambao swali la uzito huufunga.

Tena swali hilo lina faida ya kitabibu. Mkanda uliosogea matundu mawili bila mtu kujinyima chakula ni habari muhimu. Kupungua uzito bila sababu ni mojawapo ya dalili nne zinazoulizwa katika uchunguzi wa kifua kikuu, pamoja na kikohozi, homa na kutokwa jasho jingi usiku. Huweza pia kuashiria kisukari, saratani au maambukizi ya VVU. Kwa upande mwingine, sketi iliyogoma kufunga zipu wakati mikono na miguu inazidi kukonda haimaanishi unene, bali huenda tumbo linajaa maji na mgonjwa anahitaji kuonwa haraka.

Hapa ndipo tepu ya fundi na tepu ya kliniki zinapokutana. Mwaka 1947 daktari Mfaransa Jean Vague, wa Marseille, aliandika kwamba unene hauna hatari moja kwa watu wote, na kwamba mafuta yanayokusanyika sehemu ya juu ya mwili huambatana zaidi na kisukari na maradhi ya mishipa kuliko yanayokaa nyongani na mapajani. Tafiti za baadaye zililipa uzito wazo hilo, hasa kuhusu mafuta ya tumboni. Kwa hiyo peasi na tufaha si lugha ya washonaji pekee. Mipaka inayotumiwa kimataifa husema kwamba hatari huanza kuongezeka mzingo wa kiuno unapozidi sentimita 80 kwa mwanamke asiye mjamzito na 94 kwa mwanamume. Kipimo huchukuliwa katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, mtu akiwa amesimama na kutoa pumzi taratibu, bila kuvuta tumbo ndani.

Tofauti ya tepu hizo mbili ni lazima ilindwe. Fundi hupima ili nguo itosheleze, kwa hiyo tarakimu yake haina lawama. Kliniki hupima ili hatari ijulikane mapema, kwa hiyo tarakimu yake haipaswi kuwa tusi. Kosa la miaka mingi limekuwa kuzichanganya. Mwenye nguo iliyomkaa hudhaniwa mzima, mwenye nguo inayopwaya hudhaniwa mgonjwa, na hakuna anayepimwa kwa haki. Mnene anaweza kuwa na sukari ya kawaida, na mwembamba anaweza kuwa na virusi vilivyofubaa kabisa. Jicho la jirani haliwezi kuyajua hayo. Vipimo vinaweza.

Mgonjwa naye ana wajibu. Nguo nzuri imsitiri mbele ya majirani, lakini isimfiche mbele ya daktari, wala isimdanganye yeye mwenyewe. Dera na sketi ya lastiki ni nguo za raha, hasa kwa mjamzito na kwa aliyetoka kujifungua. Tatizo lake ni kwamba hutanuka pamoja na mwili bila kulalamika, na mtu huweza kuongezeka kiuno mwaka mzima asijue. Ni busara kuwa na nguo moja isiyo na lastiki na kuijaribu kila mwezi. Ikianza kubana au kupwaya bila sababu inayoeleweka, safari ya zahanati isingoje msimu wa mavuno. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sweta mbili juani ni njia mojawapo ya kuficha.

Kagera ililipa gharama kubwa kwa kusoma miili ya watu kupitia nguo zao. Mtu wa Bisibo anayemeza dawa zake kila siku anastahili kupita gulioni akiwa na shati lililomkaa mabegani, bila mtu kumhesabu mbavu wala kilo. Kazi ya kumhesabu iachiwe mzani, tepu na maabara, ndani ya chumba kilichofungwa mlango. Nje ya chumba hicho, shati lake libaki kuwa shati tu.