Fulana za Mei Mosi Hazitoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nami niseme machache juu ya moyo wa kazi viwandani na maofisini.

Kila inapokaribia Mei Mosi wakuu wa kazi huhangaika kutafuta fulana, kofia na zawadi ya mfanyakazi bora. Watu huandamana, hupiga makofi, na mmoja wao huondoka na televisheni. Sina ugomvi na zawadi. Lakini kesho yake wote hurudi kwenye mambo yale yale. Mtu anatundika koti kitini saa 2 asubuhi, haonekani tena mpaka saa 9. Wakubwa husema wafanyakazi siku hizi ni wavivu. Je, wamepata kuwauliza?

Nieleze yaliyotokea kiwandani nilikofanya kazi kabla ya kustaafu. Chai ya zamu ya usiku ilikatwa, na hakuna aliyetuambia sababu. Tukapeleka swali kwenye baraza la wafanyakazi. Likaandikwa kwenye kumbukumbu, wajumbe wakala chakula cha mchana, wakaondoka. Kikao cha pili ikawa vivyo hivyo. Tokea hapo, mashine ikiharibika saa 8 za usiku, fundi ambaye zamani angeishughulikia mara moja aliiacha mpaka zamu ya asubuhi. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo, sioni haya kusema. Baadaye akaja msimamizi mwingine. Huyu alitufuata usiku, akatueleza kwamba fungu la chai limekwisha na hakuna jingine mpaka mwaka mpya wa fedha. Chai hatukuipata, ila tuliondoka pale tukiwa tumeongeleshwa kama watu wazima, na polepole mashine zikaanza tena kutengenezwa usiku.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 ndio ulioleta mabaraza ya wafanyakazi, ili mfanyakazi awe na sauti. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU, kifungu cha 15, ukawakataza viongozi majivuno na dharau. Sisi wazee tunakumbuka jinsi wafanyakazi walivyoacha kazi miaka ile wakikitaja kifungu hicho. Wengine hawakudai hata senti moja, walikataa kutukanwa.

Leo ipo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60. Likizo ni siku 28 kwa mwaka. Mama anayenyonyesha anaruhusiwa kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi, kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Lakini wako akina mama wanaoogopa hata kuuomba muda huo, maana msimamizi akiitazama tu saa ya ukutani, inatosha.

Ombi langu kwa wakuu wa kazi ni kwamba majibu ya hoja za baraza yabandikwe kwenye ubao wa matangazo kabla ya kikao kingine, hata kama jibu lenyewe ni kwamba fedha hakuna. Nao wajumbe wa mabaraza nawauliza: mkitoka kikaoni huwa mnarudi kwa waliowatuma, au mnarudi na posho tu?

Mstaafu,
Morogoro.