Batani ya REC Haikuwekwa Hapo kwa Urembo

Nitasema hivi na mnitusi mkitaka: wacheza kinanda wa Garissa wanafanya kazi ngumu kuliko wanamuziki wengi wa Nairobi, na bado ndio wanaotupa muziki wao ovyo. Mtu anacheza kwenye aroos kuanzia saa mbili usiku hadi saa nane, anabuni melodi papo hapo, akina mama wanapiga vigelegele, halafu anazima kinanda, anakunja stendi na kwenda kulala. Asubuhi ile melodi haiko popote. Ikibaki, imebaki kwenye simu za wageni, imechanganyika na jenereta na mtoto anayelia.

Na kinanda chenyewe, hata kile cha mtumba, mara nyingi kina batani imeandikwa REC.

Ukiwauliza wasee mbona hawaibonyezi, jibu ni moja: "Walaal, mimi si msanii, mimi ni wa harusi." Hapo ndipo tunakosana.

Anza na sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda muziki ukishaandikwa au kurekodiwa, yaani ukiwa umewekwa mahali fulani. Melodi iliyo kichwani mwako tu hailindwi. Kuna jamaa wa Bulla Iftin aliyekuwa na utangulizi wake mmoja mtamu sana, akaupiga kwenye harusi kadhaa. Baadaye akausikia YouTube kwenye wimbo wa mtu mwingine. Labda yule aliyeuchukua hata hakujua una mwenyewe. Lakini jamaa angeonyesha nini? Vidole vyake? Faili moja yenye tarehe ingempa pa kuanzia.

Halafu wengi hawajui batani yenyewe inafanya nini. Kwenye vinanda vingi haihifadhi sauti. Inaandika ulichofanya: umegusa kibonyezo kipi, kwa nguvu gani, ukakishikilia kwa muda gani. Hiyo ndiyo MIDI, lugha ambayo vyombo vya umeme vimekuwa vikiongea tangu 1983. Kwa hivyo faili ni ndogo kuliko picha ya WhatsApp, na unaweza kupunguza kasi hadi nusu bila sauti kuwa nzito kama ya jini. Ubaya wake ni kwamba haibebi sauti ya mwimbaji, na ukiicheza kwenye kinanda kingine inaweza kusikika tofauti. Ukitaka sauti yenyewe, tafuta kinanda kinachorekodi kwenye flashi, au vuta waya kutoka tundu la earphone hadi kompyuta.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usinitarajie na nadharia. Ila najua kwamba mwalimu wa kinanda huku kwetu ni nadra kama mvua ya Februari, na ile playback ndiyo mwalimu tuliye naye. Rekodi mkono wa kushoto peke yake. Ucheze tena, uongeze wa kulia juu yake. Punguza kasi. Utasikia pale unapokimbia, na pale unapobonyeza kwa nguvu kama unaua mbu. Wakati unacheza huwezi kuyasikia hayo kwa sababu akili iko kwenye vidole. Na tafadhali zima ile midundo ya kiwandani kwanza. Muziki wetu wa Kisomali unatembea kwa noti tano, na ile midundo inaufanya kila wimbo usikike kama tangazo la sabuni.

Kuna suala la nyumbani pia. Wengi wetu tunaishi na wazee wasiotaka muziki ndani ya nyumba, na sitabishana nao kuhusu dini hapa. Kinanda cha dijitali kina tundu la earphone. Hooyo yangu anajua ninachofanya saa sita usiku; kwa vile hasikii, hatuulizani.

Anayeona haya ni makubwa kwa mtu wa harusi aangalie Hargeisa. Mwaka 1988, ndege za serikali ya Siad Barre zilipoupiga ule mji kwa mabomu, watu walificha kanda za redio, nyingine wakazizika ardhini. Kanda zilizookolewa ndizo zilizowezesha albamu ya Sweet as Broken Dates mwaka 2017, na ikateuliwa kuwania Grammy. Hata karibu zaidi, akina mama wa Gargar, kutoka hapa hapa Garissa, tunaweza kuwasikiliza leo kwa sababu Ketebul Music ya Nairobi iliwarekodi. Sasa wewe una mtambo wa kurekodi mapajani na unaogopa batani.

Tahadhari mbili tu. Kwenye modeli nyingi, stima ikipotea kabla hujahifadhi, kazi imeenda, kwa hivyo hifadhi kila baada ya wimbo, usingoje kumaliza. Pili, kinanda kitaipa kazi yako jina la 001 au 002, na nafasi ni chache. Ukirekodi juu ya nafasi iliyojaa, cha zamani kinafutika. Hamishia kwenye kompyuta, andika tarehe na jina lako. Changu kina nafasi tano, na ya tano ilijaa jana usiku.