Ufunguo wa Kufuli U Wapi Usiku Huu?



Juma hili napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulisukuma mbele kwa neno jema. Mwulize mwenye nyumba amejiandaa vipi kwa moto au mafuriko, atakujibu kwamba Mwenyezi Mungu ndiye mlinzi. Ni kweli tupu, na hakuna Muislamu awezaye kuipinga. Lakini Mola huyo huyo ndiye aliyetusimulia kisa cha Nabii Yusuf alayhi ssalaam, ambaye hakukaa akaingojea miaka saba ya njaa, bali aliagiza mavuno ya miaka ya neema yahifadhiwe katika mashuke yake. Nabii Nuh alayhi ssalaam aliiunda safina watu wakimcheka. Na Sayyidna Umar radhiyallahu anhu alipofika Sargh, njiani kuelekea Sham, akapata habari kwamba kuna tauni mbele yake, alishauriana na watu kisha akaugeuza msafara. Abu Ubayda akamuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Jibu la Sayyidna Umar lilikuwa kwamba anaiacha kadari moja na kuiendea nyingine, na zote mbili ni za Mola mmoja. Basi asije mtu akaufanya uvivu wake kuwa ndiyo tawakali.

Tuanze na moto, kwa kuwa ndio uliomo ndani ya kila nyumba. Katika zama za Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, nyumba moja Madina iliungua usiku pamoja na watu wake. Habari zilipomfikia, aliwafunza Maswahaba kwamba moto ni adui, na kwamba wauzime kabla ya kulala. Katika mafunzo mengine akawatahadharisha na panya anayeweza kuuburura utambi wa taa akawaunguzia watu nyumba. Panya wa leo haburuti utambi. Huguguna waya wa stima darini. Nasi tumemsaidia kazi, kwani utaona plagi moja ukutani imebeba friji, pasi, televisheni na simu nne, na waya umepitishwa chini ya busati ili usionekane. Waya ukipata joto kiasi kwamba mkono wauhisi, hiyo ni onyo tosha. Zima, chomoa, na uite fundi anayeijua kazi yake, si kijana wa jirani mwenye bisibisi.

Sasa niingie katika lile lililonifanya nishike kalamu. Katika miji yetu hofu ya wezi imetufanya tujenge nyumba kama ngome. Kila dirisha lina grili ya chuma iliyochomelewa, mlango wa mbao una mlango wa chuma mbele yake, na mlango wa chuma una kufuli. Sina ubishi na mtu anayejikinga na mwizi. Swali langu ni moja: usiku wa manane, stima imezimika na moshi umejaa ukumbini, ufunguo wa kufuli hilo u wapi? Nimeliuliza swali hili katika nyumba kadhaa nilizoitwa kwa mambo ya ndoa na mirathi, na mara nyingi jibu la kwanza ni watu kutazamana. Uko katika suruali ya baba. Uko juu ya kabati. La kuhuzunisha zaidi ni pale ufunguo ulipoondoka na baba mwenyewe, aliyewafungia mke na watoto kwa nje akaenda kazi ya usiku, akidai ni kwa usalama wao.

Ndugu yangu mwenye tabia hiyo, nakuomba uiache leo kabla ya Isha. Kumfungia mtu kwa nje si kumlinda. Kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga, na sijui utajibu nini ukiulizwa juu ya watu waliokufa mlangoni, ufunguo ukiwa mfukoni mwako mtaa wa pili.

Mwajua kwamba walio wengi katika moto wa nyumba huuawa na moshi kabla ya kufikiwa na ndimi za moto. Aliyelala hawezi kutegemea kwamba harufu itamwamsha; aweza kuvuta hewa ya sumu na kuzidi kuzama usingizini. Aliyeamka ndani ya moshi asisimame, bali atambae, kwani hewa iliyo afadhali iko karibu na sakafu. Afikapo mlangoni augusie nyuma ya kiganja. Ukiwa na joto kali asiufungue, atafute njia nyingine. Na hiyo njia nyingine lazima iwepo. Mwite mchomeleaji akate grili ya dirisha moja, aitie bawaba na komeo linalofunguka kwa ndani. Ufunguo wa mlango nao utundikwe kwenye msumari palepale karibu, mbali na dirisha ili mwizi asiuvue kwa fimbo, kwa urefu ambao mtoto wa miaka kumi aufikia. Kisha usiku mmoja zimeni taa, mwambie kila mtu atoke kwa kupapasa hadi mahali mlipokubaliana, labda baraza la jirani au mlango wa msikiti, na hapo mhesabiane. Watoto watacheka. Wacheke, lakini watakumbuka.

Lipo jambo ambalo akina mama huniuliza kwa sauti ya chini, nami nitalijibu kwa sauti ya juu. Mwanamke aamkapo na moto, akiwa na kanga moja na kichwa wazi, je, atoke hivyo mbele ya wanaume? Atoke. Asirudi chumbani kutafuta buibui. Kuhifadhi uhai ni katika makusudio makubwa ya sheria yetu, na dharura huhalalisha kilichokatazwa kwa kadiri yake. Mwanamume asiye maharimu wake akimbeba kumtoa motoni au majini, hana dhambi yeye wala aliyembeba, na waliosimama nje wainamishe macho na kumpa kitu cha kujisitiri badala ya kushika simu na kupiga picha. Tunaweza pia kumwondolea mashaka kabla hayajamfika: buibui au leso kubwa itundikwe kando ya ufunguo. Na aliye ndani ya swala akaona moto au mtoto anayezama, aikate swala aende kuokoa, kisha aiswali upya. Dhahabu ni mali, na mali hutafutwa tena, hairudiwi ndani.

Jikoni nitapita haraka, kwa kuwa wenye ujuzi ni nyinyi. Mafuta yakiwaka karaini usiyamwagie maji, yatalipuka na kuruka. Zima jiko ukiweza, funika kwa kifuniko na uache yapoe. Ukinusa gesi, usiwashe wala usizime swichi yoyote, usipige simu ukiwa ndani. Funga mtungi pale juu, fungua madirisha, toa watu. Mikono mipana ya dera la nailoni si vazi la kupikia. Aliyeungua apozwe kwa maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Dawa ya meno, unga, yai na mafuta ya taa havina nafasi juu ya kidonda cha moto, hata kama bibi alivitumia.

Watu wa Faza, kisiwani Pate, hawahitaji kuambiwa zaidi juu ya moto. Mwaka 2009 nyumba kwa mamia ziliteketea pale, moto ukiruka kutoka paa hadi paa. Na katika vichochoro vya mji wa kale wa Lamu, ambako gari halipiti, mzimaji wa kwanza ni mwenye nyumba na jirani yake. Ndoo mbili za mchanga chini ya ngazi hazigharimu kitu.

Maji nayo yana hesabu yake. Mvua za vuli za mwaka 2023 zilizidi kiasi, na masika ya mwaka 2024 yakawafuata watu kabla hawajamaliza kuanua vyao; nchini Kenya walikufa zaidi ya watu 200. Ndugu zetu wa Tana River wanalijua jambo ambalo wageni hawalielewi: mafuriko huja huku mbingu ya Garsen ikiwa safi. Mvua hunyesha Mlima Kenya na Aberdare, mabwawa ya Masinga, Kiambere na yale yaliyo kati yake hujaa, na maji yanayomwagika huteremka siku kadhaa hadi kuwafikia walio chini. Kwa hiyo tangazo la redio kwamba mabwawa yamejaa si habari za bara, ni habari zako. Hizo siku kadhaa ndizo za kuhamisha mzee asiyeweza kutembea, mbuzi na magunia. Mwishoni mwa Aprili 2024, mashua iliyojaa watu ilipinduka katika maji ya mafuriko huko huko Tana River, na roho zikapotea. Maji yaliyofunika barabara hayaonyeshi kina chake. Yakifika magotini yakiwa na kasi, mtu mzima huangushwa. Na kwetu Mombasa, ambako maji huingia majumbani mitaro ikiziba, zima swichi kubwa ya stima kabla maji hayajafikia plagi. Ukishachelewa na umesimama majini, usiiguse.

Hata bahari tuliyozaliwa kando yake ina siku zake. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko lilitokea Sumatra asubuhi, na mawimbi yake yakatufikia siku hiyo hiyo baada ya kuvuka bahari nzima. Somalia walikufa watu karibu 300. Kwetu Kenya alikufa mmoja, na sababu mojawapo ni kwamba habari ilitangulia na watu wakaondolewa ufuoni. Mtoto wa Pwani afundishwe hivi: ukiona maji yamevutwa ghafla na mwamba umebaki wazi wakati usio wa maji kutoka, usiende kuokota samaki. Kimbilia juu.

Sasa mfuko. Tayarisha mkoba mmoja usioingia maji, uning'inie mahali pa juu. Cha kwanza ndani yake kiwe karatasi: vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, hati ya shamba, na wasia, ambao tumehimizwa tusilale nao haujaandikwa. Mnajua nyote tabu waliyoipata watu wetu katika kupata kitambulisho, maswali ya babu yako alizaliwa wapi, na safari zisizokwisha kwa chifu. Karatasi moja ikilowa, mtoto aweza kupoteza mwaka mzima wa masomo. Piga picha zote kwa simu umtumie ndugu anayeishi mji mwingine. Ongeza dawa za sukari na presha za siku saba, tochi, tende, redio ndogo, pedi za wasichana, na karatasi yenye nambari za simu zilizoandikwa kwa wino, kwa kuwa simu ikizima hakuna anayeikumbuka nambari ya mumewe. Andika humo 999 na 112 za dharura, na 1199 ya Msalaba Mwekundu. Maji ya kunywa na matumizi ya lazima, hesabu lita 4 kwa mtu kwa siku. Nyumba ya watu sita kwa siku tatu ni lita 72, yaani jerekeni nne za lita 20 zenye kifuniko. Baada ya mafuriko kisima kimeingiwa na maji ya choo. Chemsha au tia dawa. Mtoto akianza kuharisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi, anyweshwe kidogo kidogo akielekea hospitali.

Nisiwasahau walimu wenzangu na wenye maofisi. Nimeingia madrasa moja, sitaitaja, watoto wengi wako ghorofa ya juu, ngazi ni moja nyembamba, na mlango wa chini umetiwa kufuli ili wasitoroke. Mwalimu mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kunywa chai. Mtoto anayetoroka hurudishwa kwa mazungumzo na mzazi wake, na mlango uwe na komeo la ndani na mtu mzima kando yake. Kila ofisi, duka na madrasa iwe na kizima moto kilichokaguliwa, mtu anayejua kukitumia, na daftari la mahudhurio linalotoka nje pamoja na mwalimu ili watoto wahesabiwe. Wazazi wanaolipa ada wana haki ya kuuliza. Ulizeni Jumamosi hii.

Nimalize kwa swali lililoletwa na mama mmoja, ambaye mamake yumo katika eda na nyumba yao iko bondeni kwenye maji. Ameambiwa na majirani kwamba mjane hatoki mpaka miezi minne na siku kumi ziishe, hata maji yakifika kitandani. Hukumu ya asili ni kweli kwamba akae katika nyumba aliyofiwa akiwamo. Lakini wanazuoni wamebainisha kwamba akihofia nafsi yake kwa moto, mafuriko, kuanguka kwa nyumba au adui, huhama. Aende penye usalama, akamilishie eda yake huko, na siku alizokwisha kukaa zinahesabika. Mama huyo ahamishwe sasa, maji yangali uani.