Benchi la Ufundi Lenye Mtu Mmoja

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Ajabu ni kwamba methali hii, ambayo mwanafunzi wa Kiswahili huikariri tangu shule ya msingi, husahaulika pindi timu ya wanaume ya mpira wa vikapu ya chuo inapoingia uwanjani. Lugha ya michezo imewapa wakufunzi wa timu jina la fahari: benchi la ufundi. Anayelisikia jina hilo redioni huwazia kundi zima la watu: kocha mkuu, wasaidizi wake, tabibu wa viungo, mtunza takwimu na meneja wa vifaa. Katika vyuo vingi vya Kisii na Nyamira, aghalabu benchi hilo huwa na mtu mmoja. Huyo ndiye huchagua wachezaji, ndiye hubeba mipira, ndiye hufunga bandeji kifundo cha mguu kilichoteguka, na ndiye hupatana na mwenye matatu kuhusu nauli ya kwenda mashindanoni. Mara nyingi hata hakuajiriwa kwa kazi hiyo; ni mhadhiri wa somo jingine, au mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayeupenda mchezo.

Sheria za mchezo wenyewe hazikukusudia hali hiyo. Shirikisho la mpira wa vikapu duniani, FIBA, huruhusu kocha mkuu kuandamana na watu hadi wanane kwenye benchi, wakiwemo makocha wasaidizi wawili. Sheria hizo hizo zinasema kwamba kocha asipoweza kuendelea na kazi, na msaidizi asiwepo, nahodha atakuwa kocha huku akicheza. Kifungu hicho kiliwekwa kwa ajili ya dharura. Penye benchi la mtu mmoja, homa ya siku moja ya kocha hukigeuza kuwa utaratibu wa kawaida, na kijana wa miaka ishirini na mmoja hujikuta akiwapanga wenzake huku akitweta.

Yamkini atatokea wa kudai kwamba mchezo huu hauhitaji makocha wengi. Dai hilo lina asili ya heshima. James Naismith, aliyeubuni mchezo mwezi Desemba 1891 huko Springfield, Marekani, aliamini kwamba mpira wa vikapu ni wa kuchezwa tu, si wa kufunzwa, na ndivyo alivyomwambia mwanafunzi wake Forrest Allen. Waama, Naismith mwenyewe alipoiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Kansas kati ya 1898 na 1907, alishinda mechi 55 na kushindwa 60. Allen hakumsikiliza. Aliifanya kazi ya ukocha kuwa taaluma, na mnamo 1927 akawa miongoni mwa waasisi wa chama cha makocha wa mchezo huo nchini Marekani. Kwa hiyo hata nyumbani kwa mchezo, hoja ya kuuacha ujiendee ilishindwa mapema, tena na mwanafunzi wa yule aliyeitoa.

Neno ufundi lenyewe lingetosha kuwaongoza wakuu wa vyuo vya Gusii, kwa maana mafundi hawako mbali. Huko Tabaka, kusini mwa Kisii, jiwe la sabuni halichongwi na mtu mmoja kuanzia machimboni hadi sokoni. Wapo wanaochimba, wapo wanaochonga, na wapo, wengi wao wanawake, wanaolisugua kwa msasa na maji mpaka ling'are. Kiboko mdogo anayenunuliwa na mtalii amepita mikononi mwa watu kadhaa, na kila mmoja anajua kazi yake inapoishia na ya mwenzake inapoanzia. Chuo kilichojengwa mwendo mfupi kutoka kwenye machimbo hayo hakina haja ya kwenda ng'ambo kujifunza jinsi kazi inavyogawanywa.

Hata hivyo, kujaza viti si mwisho wa jambo. Kazi ya benchi ni kusema, na hapo ndipo wasomaji wa jarida hili wanapoingia. Mapumziko ya kujadiliana ambayo kocha huyaomba katikati ya mechi ni ya dakika moja. Katika dakika hiyo wachezaji kumi na wawili wanahema, mashabiki wanapiga kelele, na kocha anapaswa kueleza kosa, kuonyesha tiba na kumpa kila mtu nafasi yake. Aghalabu huyafanya hayo kwa Kiingereza alichokiokota kwenye video za ligi za Marekani, akikichanganya na Sheng. Wachezaji wenyeji wa eneo hili huenda wakanong'onezana kwa Ekegusii ili wasaidiane, na hapo yule aliyetoka Kitui au Lamu, maadamu vyuo vya umma hupokea wanafunzi kutoka pembe zote za nchi, hubaki kuangalia midomo yao. Lugha ambayo wote wameisoma kwa miaka kumi na zaidi ipo, imo hata katika Katiba ya 2010 kama lugha ya taifa na lugha rasmi, lakini haialikwi kwenye benchi.

Husemwa kwamba Kiswahili ni kirefu mno kwa mchezo wa kasi. Kauli hiyo haijapimwa na wanaoitoa. Kitenzi cha kuamrisha katika Kiswahili ni shina tupu: rudi, ziba, badili, panda. Silabi mbili, tatu, basi. Zaidi ya hayo, kiambishi -ni hufanya kazi ambayo amri ya Kiingereza haiifanyi. Kocha akipaza sauti "rudi!" anamwita mlinzi mmoja; akisema "rudini!" watano wote wanajua kwamba wanatakiwa nyuma. Kisha kuna kiambishi cha mtendwa. "Mfuate!" ni amri ya kumwandama mtu, na "ufuate!" ni amri ya kuuandama mpira, na tofauti hiyo ya herufi moja ndiyo tofauti iliyopo kati ya makosa mawili makubwa ya ulinzi. (Mwanafunzi wa mofolojia atapinga mara moja kwamba "ufuate" yaweza pia kuwa dhamira tegemezi ya nafsi ya pili. Hoja yake ni ya haki, na ingefaa sana aende kuitolea uwanjani.)

Kandanda iliupata msamiati wake kwa sababu ilipata watangazaji. Vizazi vya Wakenya viliijua mechi kupitia sauti ya Leonard Mambo Mbotela kabla ya kuiona kwa macho, na maneno yaliyotoka kwenye kipaza sauti yakashuka hadi kwenye viwanja vya vijiji. Mpira wa vikapu haukupata bahati hiyo kwa kiwango hicho. Ulikulia shuleni na vyuoni, mikononi mwa walimu. Kwa hiyo msamiati wake, ukija, utatoka huko huko, kwa makocha na wanafunzi.

Kwamba mwalimu wa lugha anaweza kufaa kwenye benchi si ndoto. John Wooden, aliyekiongoza Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kutwaa ubingwa wa vyuo wa Marekani mara 10 kati ya 1964 na 1975, alianza kazi akiwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya upili. Watafiti wawili wa saikolojia, Roland Tharp na Ronald Gallimore, walihudhuria mazoezi yake katika msimu wake wa mwisho wakaandika kila alilolisema na kulitenda. Takriban robo tatu ya maneno yake yalikuwa maelezo ya jambo la kufanya na namna ya kulifanya. Sifa zilikuwa chache, na kemeo tupu vilevile lilikuwa chache. Alisema kwa ufupi, akaonyesha, akaacha mchezo uendelee. Anayewazia kocha kuwa ni mtu wa kufoka kando ya uwanja angefaidika kwa kuutafakari utafiti huo, na labda mhadhiri wa ualimu angefaidika zaidi.

Fedha ndizo kisingizio kitakachotajwa kwanza. Ni kweli kwamba vyuo vya Nairobi kama Strathmore na USIU, ambavyo timu zake zimeshiriki ligi kuu ya nchi, vina uwezo ambao chuo cha Nyamira hakina. Lakini viti vingi vya benchi havihitaji mshahara. Mwanafunzi wa uuguzi anaweza kuwa msaidizi wa tabibu. Mwanafunzi wa hisabati anaweza kuhesabu mitupo iliyoingia na iliyopotea, akamwambia kocha kabla ya kipindi cha tatu kwamba timu inakosa kutoka upande wa kushoto. Wanawake pia wasisahauliwe: mnamo Februari 2021 timu ya taifa ya wanaume iliifunga Angola 74 kwa 73 jijini Yaoundé kwa mtupo wa dakika ya mwisho wa Tylor Okari Ongwae, ikafuzu kwa AfroBasket baada ya miaka 28, na kocha wake mkuu alikuwa Liz Mills, mwanamke kutoka Australia. Msichana wa mwaka wa pili anayeujua mchezo hana sababu ya kuketi kwa mashabiki.

Mwanafunzi wa Kiswahili naye apewe daftari. Akae karibu na kocha mazoezini, aandike kila amri inayotolewa kwa lugha yoyote, kisha jioni waketi pamoja na wachezaji kuchagua neno moja kwa kila tendo, fupi na lisilofanana na jingine kwa sauti. Nyanda za Gusii hunyeshewa karibu mwaka mzima, na mvua ya alasiri hukifanya kiwanja cha saruji kiteleze hata mazoezi yakaahirishwa. Alasiri kama hizo timu hutawanyika mabwenini. Darasa moja, ubao na chaki vingetosha kuzigeuza kuwa saa za kuyajaribu maneno hayo na kuichora mipango ya ulinzi.

Faida yake haitaonekana kwenye matokeo ya muhula wa kwanza. Itaonekana siku ambayo yule kocha pekee atahitimu au kuhamishwa. Kwa sasa siku hiyo ikifika, kila alichokijua huondoka naye, na anayemrithi huanza na mpira mmoja na filimbi. Lakini penye watu watano kwenye benchi, wanne watabaki, na daftari litakuwa miongoni mwa vifaa vinavyokabidhiwa.